Nyasi za Muhuru na Vijana wa Injini

Msikilizaji, kwetu Nyatike, kando ya Ziwa Victoria, mvua haina mazoea ya kukaa sana, lakini masika yakitulia kati ya Machi na Mei, nyasi hazingoji kualikwa. Zinapanda hadi madirishani kwenye zile nyumba nzuri zilizofungwa, ambazo wenyewe wako Nairobi, Mombasa ama Doha. Zinameza njia ya zahanati na uwanja wa shule. Halafu msiba unatokea, mazishi ni Jumamosi, na Alhamisi jioni jamaa wa marehemu wanapigiana simu: nani hapa Muhuru Bay ana mashine ya kukata nyasi?

Ajabu ni kwamba kila kitu kingine cha mazishi hayo tunakodi. Mahema tunakodi, viti, spika, hata sufuria kubwa za kupikia. Mashamba ya wengi wetu hulimwa na ng'ombe wa jirani kwa malipo. Ziwani nako, kijana asiye na boti wala nyavu huingia kazini kwenye chombo cha mwenzake, mafuta yakishalipwa wakagawana kilichobaki. Kwa hiyo mambo ya kukodi hatuhitaji mtu wa kutufundisha. Kwenye nyasi tu ndipo tumekwama na njia mbili: fyekeo na mgongo unaouma, au mwenye boma aliye mjini anunue mashine yake, aitumie Desemba, kisha aifungie stoo hadi Desemba nyingine.

Na stoo ndiyo inayoua mashine. Petroli ikilala miezi ndani ya kabureta huacha utando wa kunata, vitundu vya mafuta vikaziba. Mwenyewe akirudi anavuta kamba hadi jasho linamtoka, kisha anaapa kwamba aliuziwa takataka. Hakuuziwa takataka. Angemwaga mafuta, akaiacha injini ingurume hadi izime yenyewe kabla ya kuifungia, ingemwitikia. Lakini mashine inayofanya kazi kila wiki haina haja ya hayo yote, na hapo ndipo hoja yangu ilipo: mashine hii haifai kuwa ya mtu mmoja na boma lake moja.

Nasema ile ya kubeba begani, si ile ya kusukuma. Ya kusukuma ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding, aliyepata hataza yake mwaka 1830 baada ya kuona mashine ya kiwandani inayonyoa manyoya ya vitambaa. Inafaa bustani tambarare za kwao. Maboma yetu yana mawe na visiki. Ya begani huwekwa kisu cha chuma au uzi wa nailoni, na uzi huo ni fikra ya George Ballas wa Houston, Marekani, mwaka 1971, alipotazama brashi za kuoshea magari zinavyozunguka.

Sasa, nani wa kuiendesha? Hapa Muhuru jibu liko ufuoni. Nyingi ya mashine hizi zina injini ya kuchanganya petroli na oili, ndugu mdogo wa injini ya boti. Kijana aliyezoea injini ya boti hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba ipo mashine inayotaka oili 1 kwa petroli 50, yaani mililita 20 kwa lita, na ipo inayotaka 1 kwa 25, yaani mililita 40. Plagi ikilowa anajua la kufanya. Zaidi ya hayo, kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaliane. Wakati vijana hao wamekaa bila kazi, nyasi zimefika kiunoni. Sijui kalenda gani nyingine ingetupangia kazi vizuri hivi.

Kwa hiyo usikodishe mashine tupu. Kodisha mashine pamoja na mtu wake, kwa bei ya kazi iliyokubaliwa baada ya kulitazama boma. Mashine tupu hurudi na kisu kilichopinda, na kila mtu anasema aliikuta hivyo. Chama cha vijana wachache kinatosha. BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo, ina kazi yake ya samaki, tusiibebeshe na nyasi. Na wapange maboma ya kitongoji kimoja siku moja, kama wanavyofanya mawakala wa Hello Tractor, kampuni iliyoanzia Nigeria mwaka 2014: wanakusanya wakulima wa karibu hadi ekari zitoshe, ndipo trekta liitwe.

Shule zingekuwa wateja wazuri kuliko wote. Kiboko kilipopigwa marufuku mwaka 2001, fyekeo likawa adhabu ya wachelewaji, na uwanja ukategemea utundu wa watoto. Lakini muhula wa tatu huisha mwishoni mwa Oktoba kwa wengi wao, vuli ndiyo kwanza imeanza. Watundu wako nyumbani, nyasi ziko shuleni.

Vijana nao wasiuze kazi hii kwa uongo kwamba inamaliza malaria. Mbu wa malaria huzaliana majini, hazaliani kwenye majani. Waseme nyoka, hilo ni kweli na linatosha. Wavae miwani na gambuti, na mtu yeyote, mtoto au mbuzi akae mita 15 mbali, kwa sababu kisu kile hurusha jiwe kwa nguvu. Kioo kikivunjika nani analipa? Waandikiane kabla kamba haijavutwa.

Inabaki Desemba. Omena imefunguliwa, na wenye maboma wanarudi wote kwa mpigo, kila mmoja akitaka nyasi zikatwe kesho. Hapo mwezi ndio utakaoamua. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa haivuti kitu, na maboti hupumzika siku kadhaa. Wewe uliye Nairobi unayepanga kuja Krismasi, tazama kwanza mwezi utakuwa mpevu lini, ndipo upige simu na kutuma arubuni.