Samaki Anaonekana, Mvuvi Yuko Wapi?



Nyumbani kwangu, ukutani juu ya meza ya redio, kuna picha moja ambayo kila mgeni akiitazama husema, "Ala! Samaki gani huyo?" Ilipigwa mwaka 1993 kwenye mwalo wa Nyamirembe, wakati huo ukiwa bado katika Wilaya ya Biharamulo, kabla Chato haijakatwa kuwa wilaya yake mwaka 2005. Sangara amening'inizwa kwenye kasia, watu wawili wamelibeba begani, na mkia unaburuta mchangani. Tumbo lake linang'aa kama sufuria mpya.

Mmoja wa hao wawili ni marehemu baba yangu mdogo. Nasema ni yeye kwa sababu nilikuwepo. Ukimtazama pichani huoni macho, pua wala mdomo. Unaona kofia, na chini ya kofia ni giza tupu.

Aliyepiga picha ile alikuwa fundi wa kuzunguka na baiskeli. Alikuja na mkanda wa picha 36, akaumaliza huko huko mialoni, kisha akaupeleka Mwanza kusafishwa. Tulingoja wiki tano. Ilipofika, baba mdogo aliitazama kwa muda, akacheka, akasema haidhuru, mwaka ujao tutapata mwingine naye atatupiga tena.

Mwaka uliofuata ulikuwa 1994. Wasikilizaji wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Katika saa 24 tu, kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji. Mto Kagera nao ulileta maiti kutoka Rwanda hadi ziwani. Watu wakaanza kuogopa kula samaki, na mvuvi aliyepata sangara mkubwa alikosa wa kumuuzia. Baba mdogo alitundika nyavu, akaenda Ngara kuuza ndizi na kuni. Hakurudi ziwani tena. Alifariki mwaka 1997, na hakuna picha yake nyingine. Watoto wangu wanaponiuliza, "Babu ni yupi hapa?" nawaonyesha kofia.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie jambo ambalo baadhi yenu mtaona ni la mchezo: namna ya kupiga picha ya samaki uliyemvua. Siku hizi simu ina kamera na hakuna mkanda wa kuhesabu, lakini kosa la yule fundi wa baiskeli naliona kila wiki katika picha ninazoletewa.

Kosa lenyewe ni hili. Tumbo la samaki ni jeupe, tena linarudisha mwanga kama kioo. Ngozi zetu wengi ni nyeusi. Kamera, iwe ya zamani au ya simu, hupima mwanga wa kila kilicho mbele yake, na ikikutana na kitu cheupe kinachong'aa, nyuma yake maji yanayometameta, hudhani mwanga umezidi. Basi hupunguza. Samaki anatoka safi, na mwenye samaki anazama gizani. Kwenye simu nyingi dawa yake ni nyepesi: kabla ya kupiga, gusa kwa kidole uso wa mtu kwenye kioo cha simu. Unaiambia simu kuwa hapo ndipo penye kazi. Samaki akipauka kidogo, avumilie.

Jambo la pili ni jua. Sisi tuko karibu na Ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na kofia inakuwa kama pazia la uso. Mvueni mtu kofia. Ikiwezekana ngojeni saa kumi na moja jioni, au pigeni asubuhi mitumbwi inaporudi, jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha. Kama haiwezekani, nendeni kivulini chini ya mwembe, samaki na mvuvi wote wawili, si nusu kivulini nusu juani.

Halafu muogesheni huyo samaki! Sijui kwa nini watu humpiga picha akiwa na mchanga na damu mdomoni kama aliyetoka kupigana. Mwagieni maji, kisha pigeni upesi angali ameloa, maana rangi ya samaki haikai. Furu dume huwa na rangi ya kupendeza anapotoka majini, na baada ya muda mfupi tu anafifia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliofanya kazi Mwanza tangu miaka ya 1970, walikuwa wakitofautisha aina za furu kwa rangi pamoja na maumbile. Aina nyingi kati ya hizo hatuzioni tena ziwani tangu sangara atawale, kwa hiyo picha nzuri ya samaki mdogo asiye na bei inaweza kuwa na thamani kuliko ya sangara wa kilo hamsini.

Na kuhusu ukubwa, naomba tusidanganyane. Kuna ujanja wa kunyoosha mikono mbele ili samaki asogelee kamera. Wa kilo tatu anakuwa wa kumi na tano. Ukitaka tukuamini, mlaze kwa ubavu, mapezi yameachwa wazi, na weka kandoni kitu tunachokijua: kasia, chupa ya soda, au rula. Wengine hawapendi rula, kwa kuwa sheria inakataza sangara asiyefika sentimita 50 na sato asiyefika 25. Mwenye wasiwasi na rula pichani naye tunamwelewa.

Mwaka jana nilikwenda Ngara. Kando ya Mto Ruvubu, kabla haujaungana na Kagera karibu na Rusumo, nilimkuta kijana na ndoano yake, amepata kambale mwenye urefu wa mkono mzima. (Pale mpakani penyewe, kwenye daraja, msitoe kamera ovyo, ombeni ruhusa kwanza.) Akaniamkia, "Shikamoo mzee, nipige picha basi." Nilipokea simu yake, na mimi huyu ninayewafundisha leo nikapiga papo hapo, jua la saa saba, yeye amesimama na maji yanayong'aa nyuma yake. Nikamwonyesha. Akasema kwa heshima, "Mzee, mimi siyo huyu."

Nilijisikia vibaya kuliko alivyodhani. Nilikifuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati, kwani kilikuwa na ute wa kambale na alama za vidole. Tukasogea chini ya mti. Nikamwambia avue kofia, ageuke mto uwe ubavuni, amshike samaki kwa mikono miwili usawa wa kifua bila kuficha kichwa chake. Mimi nikapiga goti, magoti ya umri huu mnayajua, na nikagusa uso wake kwenye kioo. Nikapiga tano.

Ya nne macho yalionekana, na meno, na kovu dogo kwenye nyusi. Kambale alikuwa mweusi kidogo, lakini sharubu zake zote ungeweza kuzihesabu.

Kijana akaishika simu kwa vidole viwili asiichafue tena. "Hii namtumia mama, yuko Biharamulo," akasema. Mtandao ulikuwa haukubali pale mtoni, ikabidi tupande naye mlimani, kambale begani, hadi ujumbe ulipoondoka.