Bibi wa Kigwa na Chanjo ya Nondo



Juzi nilikuwa Kigwa, kwenye njia ya kale ya misafara iendayo Tabora. Bibi mmoja akaniuliza: "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio. Ni kweli chanjo ya mabinti zetu inatokana na wadudu?" Siku ya chanjo alikuwa amemficha mjukuu wake.

Ningemwambia ni uvumi mtupu, ningemdanganya.

Chanjo za HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ni kadhaa. Mojawapo, Cervarix, hutengenezwa ndani ya chembe hai za nondo ambaye viwavi wake hula kabichi. Wataalamu huchukua virusi vya viwavi, visivyomdhuru binadamu, wakavipachika jeni moja ya HPV. Vikiingia katika chembe za nondo zinazokuzwa maabara, chembe hizo hufyatua ganda la HPV kwa wingi. Tangu 1993 ipo pia njia ya kuunda vinasaba vya virusi vya aina hiyo ndani ya bakteria, na kazi ya wiki kadhaa ikawa ya siku chache.

Ganda hilo husafishwa. Ndani ni tupu, haliwezi kuambukiza. Mwili hulitumia kujifunza sura ya adui.

"Mama," nikamwambia, "Tabora ni nchi ya asali. Asali hutoka kwa nyuki, lakini hatuli nyuki."

Akacheka, kisha akauliza: "Sasa mbona hawakutuambia?"

Hapo sikuwa na jibu. Maana habari njema zipo, tena za hapa hapa nchini. Kuanzia 2017, wasichana 930 wa Mwanza walishiriki utafiti wa Cervarix na chanjo nyingine inayotengenezwa kwa hamira. Miaka 2 baada ya dozi moja tu, zaidi ya 97 katika kila 100 walikuwa na kinga mwilini. Mwaka 2024 Tanzania ikaanza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Na saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu.

Ndugu zangu wa afya, bibi yule si mjinga. Aliuliza swali la haki. Mkienda vijijini na sindano, nendeni na maelezo kamili, hata ya nondo. Asiyeelezwa na mganga ataelezwa na kijiwe.

Kwaheri hadi juma lijalo.