Anwani, Ufunguo na Maneno 12: Mada kwa Vikundi vya Wasusi wa Vyondo, Kitui na Makueni

Utangulizi

Desemba 2013, mtangazaji Matt Miller wa televisheni ya Bloomberg aliwapa wenzake zawadi ya Bitcoin iliyochapishwa kwenye karatasi. Msimbo wa ufunguo wa siri ukaonekana kwenye kamera. Mtazamaji mmoja akausoma kutoka kwenye skrini, akachukua Bitcoin za takriban dola 20.

Kosa hilo lingemshangaza mwenye duka wa Wote au Mwingi. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, Wakenya wamezoea kubandika namba ya simu ukutani na kuificha PIN. Mazoea hayo ni mwalimu mzuri wa sarafu za kidijitali, ila somo lake halifiki mwisho.

Kinachotolewa

Tuseme kikundi cha Kitui kinauza vyondo ng'ambo, na mnunuzi anataka kulipa kwa Bitcoin. Atapewa anwani, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu unaoanza na 1, 3 au bc1. Ufunguo wa siri huzaa ufunguo wa umma, nao huzaa anwani. Hesabu hiyo hairudi nyuma, kwa hiyo aliyepewa anwani hutuma pesa tu, hawezi kuzichukua.

Lakini namba ya M-Pesa haimwambii mtu salio la mwenzake. Anwani ya Bitcoin humwambia. Daftari la miamala liko wazi mtandaoni, na yeyote atasoma kilichoingia na kilichotoka. Ndiyo sababu pochi nyingi, yaani programu za kutunza funguo, hutoa anwani mpya kwa kila malipo.

Kuna pia ufunguo wa umma uliopanuliwa, ambao mara nyingi huanza na xpub. Peke yake hautoi pesa, ila huonyesha anwani zote za akaunti, za leo na za kesho. Mweka hazina anaweza kuwa nao. Mnunuzi hana haja nao. Lakini ufunguo huo uliopanuliwa ukiunganishwa na ufunguo wa siri wa anwani moja tu, katika pochi nyingi akaunti nzima hufunguka.

Kinachofichwa

Ufunguo wa siri ni namba ya biti 256. Pochi nyingi huhifadhi mzizi wake kwa maneno 12 au 24, kutoka orodha ya maneno 2,048. Orodha rasmi ya Kiswahili haipo, wala ya Kikamba, kwa hiyo maneno kwa kawaida huwa ya Kiingereza.

Hapo ndipo hatari ya nyumbani ilipo. Asiyesoma Kiingereza humwita mjukuu au kijana wa duka la simu amwandikie, kama wengine wanavyomtajia wakala PIN. PIN iliyovuja hubadilishwa. Maneno yakivuja, pesa lazima zihamishiwe pochi mpya upesi. Ujumbe wa muamala wa M-Pesa uliokosewa hutumwa kwa namba 456 kuomba pesa zirejeshwe. Bitcoin haina 456. Hata sheria ya Kenya ya 2025 kuhusu mali za kidijitali inasimamia kampuni zinazotoa huduma hizo, na haiwezi kumrudishia mtu maneno aliyoyapoteza.

Pendekezo

Katika orodha ya Kiingereza, herufi nne za kwanza zinatosha kutambulisha kila neno. Kwa maneno 12, hizo ni herufi zisizozidi 48. Msusi anayejua alfabeti anaweza kuzinakili mwenyewe kwa kalamu, moja baada ya nyingine, mjukuu akiwa nje.