Wageni Wanaohesabu Samaki Wetu

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo wa kijiji cha wavuvi)

Leo tuzungumze juu ya wale wageni, wengi wao vijana, wanaotoka nchi za mbali kuja pwani yetu kufanya kazi ya kujitolea baharini. Nauli wanajilipia, chakula wanajilipia, na mshahara hawapati. Mzee mmoja alituuliza darasani, "Mtu mwenye akili zake anatoa fedha ili apewe kazi?" Swali zuri hilo.

Tuchukue mfano wa Mafia. Mwaka 1989 shirika la Uingereza liitwalo Frontier lilianza kazi Tanzania, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijana wa kujitolea walipelekwa Mafia kupima miamba ya matumbawe. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Kwanza mgeni anafundishwa kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni, kisha anajifunza kutambua samaki. Wakishashuka, wanalaza utepe wa kupimia juu ya mwamba, wanaufuata polepole na kuhesabu: changu wangapi, chewa wangapi, matumbawe yaliyo hai ni kiasi gani, yaliyovunjika ni kiasi gani. Wanaandika huko huko chini ya maji, kwa penseli, juu ya kibao cha plastiki. Naam, kibao na penseli! Ndivyo vitu tulivyoanza navyo a, e, i, o, u.

Kwa nini wahesabu? Matumbawe yanaonekana kama mawe, kumbe ni wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba ya chokaa. Mengine hayakui hata sentimita mbili kwa mwaka. Baruti moja inavunja kazi ya miaka mingi, na samaki wadogo wanakufa pamoja na wakubwa. Sasa ukienda ofisini ukasema "samaki wamepungua", utaulizwa: wamepungua kutoka wangapi? Hapo ndipo hesabu inapotakiwa. Taarifa zile za Mafia zilikuwa miongoni mwa zilizotumika kabla ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia kuanzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, yenye kilometa za mraba 822.

Lakini jamani, tusiwasifu wageni kupita kiasi. Wengi hukaa majuma machache tu, na wakati wanapoanza kuyazoea majina ya samaki, siku ya kuondoka imefika. Mvuvi anajua mwamba gani una chewa na mwezi wa siku ngapi. Tena sheria za nyavu hazikugusa sufuria ya mgeni, ziligusa ya mvuvi. Watu wa Jibondo, kisiwa kilichomo ndani ya hifadhi hiyo, walilalamika kwa miaka mingi juu ya jambo hilo, na sisi hatuoni kuwa walikuwa wakaidi. Mtu akikunyang'anya juya lazima akueleze utakula nini kesho.

Shida yetu ni kwamba ujuzi wa mvuvi umo kichwani. Wa mgeni umo kwenye karatasi. Wakikaa mezani pamoja, karatasi ndiyo inayosomwa.

Kuna kazi nyingine iliyoanza Mafia mwaka 2001, ya kulinda kasa. Hiyo inafanywa na wanavijiji wenyewe. Kasa anapanda pwani usiku, anachimba, anataga mayai kama mia moja au zaidi, anarudi zake baharini. Vifaranga hutoka baada ya miezi miwili hivi. Aliyeona kiota anatoa habari na kupewa kitu kidogo, na vifaranga wakitoka salama anaongezewa. Walinzi wa vijijini wanaandika tarehe, mahali, idadi ya maganda. Hawahitaji mtungi wa hewa. Wanahitaji kusoma na kuandika, basi.

Kwa hiyo tumeleta madaftari 20. Kila chombo kichukue moja. Mstari mmoja kila siku: tarehe, mwamba uliovua, mtego au wavu gani, saa ngapi majini, samaki gani na wangapi. Siku ambayo hukupata kitu, andika sifuri, usiache wazi. Asiyejua jina la samaki kwa maandishi aandike analolitamka. Jumamosi baada ya swala ya alasiri tutakutana hapa hapa tujumlishe, na wasiokuwa na penseli waje mapema.