Kitabu cha Kijana Wako

Mzazi, mlezi, leo tuzungumzie kitabu cha kijana wako. Siyo cha mtihani. Cha hadithi.

Kijana husoma kinachomvuta. Mtajie Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora. Kongowea, kijana wa Tanga, anafiwa na mama. Kisha anafunga safari hadi Kenya kumtafuta baba. Atampata? Hilo silisemi hapa.

Kama kijana wako anapenda maajabu, kipo Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Humo ndugu wabaya wanageuzwa manyani! Kiswahili chake kinataka utulivu kidogo, lakini kitabu chenyewe ni chembamba.

Rosa Mistika ya Kezilahabi ni ya walio wakubwa zaidi. Isome wewe kwanza.

Sasa, Jumamosi hii, nendeni pamoja maktaba iliyo karibu. Achague mwenyewe. Asome ukurasa wa kwanza palepale. Kisipomvuta, akirudishe, achukue kingine. Nyumbani usimpe maswali ya mtihani. Muulize tu, “Umefika wapi?”

Narudia: achague mwenyewe, asome kinachomvuta. Na akichagua cha mpira, basi, mwachie cha mpira.