Meli Iliyozama Mbele ya Fort Jesus

Chini ya maji mbele ya Fort Jesus imelala Santo António de Tanná, manowari ya matanga ya Wareno iliyoundwa India. Mwaka 1697 ilikuja kusaidia ngome iliyozingirwa na Waomani, ikazama hapo. Desemba 1698 ngome ikatekwa.

Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wa akiolojia waliichunguza. Baadhi ya vyombo vyake vimo katika makumbusho ya ngome. Historia hii tunaijua kwa sababu vitu vilikutwa mahali pake.

Kwa hivyo, ndugu mvuvi, ukikuta vitu vya kale baharini, hata kigae, usiviondoe. Wajulishe watu wa makumbusho. Kikishauzwa, hakirudi.