Changarawe Zinazobaki Kwenye Chekeche: Udongo wa Mlima Kenya na Udongo wa Kaloleni



Mada niliyopewa ni udongo wa milimani wenye changarawe, ule uliotokana na mashapo ya maji ya barafu. Bila shaka wapo wanaojiuliza barafu na minazi ya Kaloleni vimekutana wapi. Havijakutana. Hata hivyo, udongo wa kule juu una tabia moja ambayo udongo wa hapa unayo pia, na tabia hiyo haionekani kwenye karatasi ya majibu ambayo maabara humpa mkulima. Hapo ndipo ninapotaka tufike.

Isitoshe, ubishi kuhusu barafu ya Afrika Mashariki ulianzia kwa jirani zetu hapa. Wamisionari Johannes Rebmann na Ludwig Krapf walikuwa na makao Rabai. Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849. Habari zilipofika London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika ambaye hakuwa amekanyaga bara hili, alizikataa katakata: theluji kwenye ikweta haiwezekani. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, ndiye aliyekuwa amemsimulia Krapf habari za mlima ule. Watu wa bara hawakuhitaji kibali cha London ili wauone.

Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory alipanda Mlima Kenya na kuona jambo kubwa zaidi. Mbali chini ya pale barafu ilipokuwa ikiishia siku zake, alikuta vifusi vilivyoachwa na barafu ya kale. Leo tunajua kwamba katika kilele cha zama za baridi zilizopita, yapata miaka 20,000 nyuma, barafu ya mlima huo iliteremka mabondeni hadi kwenye mwinuko wa mita 3,000 na kitu. Siku hizi imebaki vipande vichache karibu na vilele, na barafu ya Lewis, iliyowahi kuwa kubwa kuliko zote mlimani, inazidi kunywea mwaka hadi mwaka.

Barafu inapoteremka bondeni haichagui mzigo. Hubeba jabali la ukubwa wa nyumba pamoja na vumbi laini kama unga, na inapoyeyuka huviachia vyote mahali pamoja, vimechanganyika ovyo, mawe yakiwa na kingo kali. Hicho ndicho kifusi cha barafu. Maji yanayotoka chini ya barafu ndiyo yanayochagua. Yanapokuwa na nguvu huachia mawe makubwa karibu na mdomo wa barafu; yakipungua kasi huachia changarawe, kisha mchanga, na vumbi laini huenda nalo mbali. Mawe yakibingirika humo hupoteza kingo na kuwa ya mviringo. Mashapo haya hulala kwa matabaka: ukanda wa changarawe, juu yake mchanga, kisha changarawe tena, kwa kufuata misimu ya mafuriko. Ukitaka kujua kama ukuta wa shimo ni kazi ya barafu yenyewe au ya maji yake, tazama matabaka na kingo za mawe kabla ya kupima kitu kingine chochote.

Katika bonde la Teleki la Mlima Kenya, au la Gorges upande wa mashariki, udongo wa namna hii una tabaka la juu jeusi lenye mabaki mengi ya mimea, kwa sababu baridi inachelewesha kuoza. Chini yake changarawe huongezeka ghafla. Maji hupita upesi. Usiku unyevu wa juu huganda na kuwa sindano za barafu zinazoinua vijiwe, asubuhi huyeyuka, vijiwe huanguka pembeni kidogo. Basi udongo hautulii, na mche mdogo hung'olewa kabla haujashika mizizi. Mawe yenyewe ni ya volkano. Lipo moja ambalo Gregory aliliita kenaiti kwa jina la mlima: jiwe jeusijeusi lenye fuwele kubwa za feldispa, zenye umbo la pembenne iliyolala upande, zinazoonekana kwa macho bila darubini. Fuwele hizo zina sodiamu na potasiamu. Kwa baridi ya kule huachia madini polepole mno, lakini huachia. Changarawe ya Mlima Kenya, kwa hivyo, ni ghala, japo mlango wake ni mwembamba.

Sasa turudi nyumbani. Mgongo wa vilima unaotoka Mazeras, ukapita Rabai hadi huku, umelala juu ya mawe ya mchanga yanayoitwa kwa jina la Mazeras. Ni sehemu ya mfululizo wa mawe ya Duruma, ambao ndani yake yamo pia mawe ya Taru, ya Maji ya Chumvi na ya Mariakani. Mchanga wa Mazeras ulimwagwa na mito karibu miaka milioni 200 iliyopita, na ndani yake hupatikana magogo yaliyogeuka mawe. Mwalimu yeyote wa hapa anayetafuta kitu cha kuwaonyesha wanafunzi asihangaike kwenda Nairobi. Mito hiyo ilifanya kazi ileile ya maji ya barafu: ilichambua, ilipanga matabaka, ilisugua kingo. Ndiyo maana ukuta wa shimo la mchanga hapa unaweza kufanana na ukuta wa mashapo ya Mlima Kenya, ingawa hapa barafu haikuhusika.

Tofauti iko mkononi. Okota kijiwe shambani Kaloleni, kisafishe. Mara nyingi ni kwazi: cheupe au cha maziwa, kigumu, kinakwaruza kioo. Kwazi haina fosforasi wala potasiamu ya kumpa mtu, leo wala baada ya miaka elfu. Kijiwe hicho kimekaa shambani kinachukua nafasi tu. Yule anayesema udongo wa Mlima Kenya na wa hapa ni sawa kwa kuwa wote "una mawe" ameangalia ukubwa wa mawe, hakuangalia mawe yenyewe.

Hapo ndipo linapoingia chekeche. Maabara za udongo, zikiwemo zetu, kwa kawaida huanza kwa kukausha sampuli na kuipitisha kwenye chekeche la matundu ya milimita 2. Kinachopita hupimwa. Kinachobaki juu, yaani changarawe, huwekwa kando, na mara nyingi hutupwa. Utaratibu huu ni sahihi kwa maabara, kwa sababu kemia ya udongo imo katika chembe ndogo. Ubaya unaanza pale majibu ya chembe ndogo yanaposomwa kana kwamba ni majibu ya shamba zima.

Tupige hesabu. Eka moja, kina cha sentimita 20, ni karibu mita za ujazo 809. Udongo usio na mawe, tukichukua tani 1.4 kwa kila mita ya ujazo, utakuwa tani 1,130 hivi. Maabara ikisema kila kilo ina miligramu 10 za fosforasi inayopatikana, eka ina kilo 11 za fosforasi. Lakini kama asilimia 40 ya ujazo ni changarawe, udongo wenyewe ni tani 680, na fosforasi haifiki kilo 7. Karatasi ni ileile, namba ni ileile.

Maji ndiyo yanayouma zaidi. Udongo wa kichanga unaweza kushika milimita 80 za maji yanayofaa mmea kwa kila mita ya kina. Mizizi ya mahindi ikiwa imefika sentimita 30, hiyo ni milimita 24. Mahindi yanayochanua hunywa kama milimita 5 kwa siku, kwa hivyo mvua ikikatika yana siku tano. Toa asilimia 40 ya mawe: siku tatu. Mkulima wa hapa aliyeona shamba lake likinyauka siku mbili kabla ya la jirani, na mvua ilinyesha kotekote, hana haja ya kutafuta mchawi. Atafute mawe. Na asilimia 40 sikuichukua hewani: ndicho kiwango ambacho mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa udongo huanzia kuuita udongo skeletiki.

Kipimo cha mawe hakihitaji maabara. Chimba shimo la kina cha jembe, weka udongo wote kwenye turubai usimwage hata konzi. Tandika karatasi ya nailoni ndani ya shimo, mimina maji kwa jagi la lita moja hadi yafike ukingoni, na uhesabu. Halafu chekecha udongo, osha mawe, yatie kwenye ndoo yenye maji yaliyowekewa alama, uone maji yamepanda lita ngapi. Shimo likiwa la lita 10 na mawe yakapandisha maji kwa lita 4, umepata asilimia yako.

Matumizi yake? Mbolea ya nitrojeni igawanywe mara mbili au tatu, kwa sababu changarawe haiishiki na masika ya hapa hayana huruma. Samadi iende kwenye shimo la kupandia, isitawanywe shamba zima. Na makumbi ya nazi, ambayo hapa hurundikwa na kuchomwa, yakifukiwa kwenye mitaro kati ya minazi hufyonza maji na kuyaachia taratibu. Sijui dawa ya bei nafuu kuliko hiyo kwa udongo huu. Kuhusu kuokota mawe, nashauri kiasi. Yaliyolala juu huvunja nguvu ya matone ya mvua na hupunguza jua kukausha ardhi. Yaliyozama katika ganda gumu la juu hufanya kinyume, maji huteleza na kwenda zake. Hayo ya pili yalimwe yafunguke. Ya kwanza, hasa kwenye miteremko, yaachwe.

Tusiitukane changarawe moja kwa moja. Visima vya Baricho vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa huvuta maji yaliyohifadhiwa katika mashapo ya mto Sabaki, kwa sababu nafasi zilizo kati ya chembe kubwa hupitisha maji upesi hadi kwenye pampu. Sifa hiyohiyo inayomnyima mkulima maji ya mahindi ndiyo inayompa wa mjini maji ya bomba. Na choo cha shimo kikichimbwa kwenye changarawe upande wa juu wa kisima, ndiyo pia inayopeleka uchafu kisimani. Afisa wa afya aliyeko hapa atakuwa na la kuongeza.

Maafisa ugani, mnapojaza fomu ya sampuli, andikeni chini kabisa, hata kama hakuna nafasi iliyotengwa: asilimia ya mawe kwa ujazo, ukubwa wake, na ni kwazi au ni jiwe la aina nyingine. Atakayetoa ushauri wa mbolea azidishe majibu ya maabara kwa sehemu iliyobaki baada ya kutoa mawe, kabla hajamwandikia mkulima idadi ya mifuko.